Hesabu ya Muuza Samaki

Paul Sandby alikuwa mchora ramani wa serikali ya Uingereza huko Scotland kabla ya kugeukia wachuuzi wa barabara za London. Yapata mwaka 1759 aliwachora kwa rangi za maji, na mwaka 1760 akapiga chapa picha 12 zenye kuchekesha. Katika mojawapo, mwanamke ananadi samaki: 3 kwa peni 4, ama 4 kwa peni 6!

Mnunuzi wa Kitui au Wote, aliyezoea kupatana bei ya mafungu ya maembe, atang'amua upesi kwamba anunuaye zaidi ndiye apunjwaye. Wakubwa wengi walichorwa kwa fahari wakasahauliwa; mama yule, asiyejulikana jina, angali ananadi samaki wake.