Banjo kwenye kundi: jua wakati wa kunyamaza

Leo tuongee muziki. Hapa Lusu jioni tukikutana na magitaa yetu, kila mtu anataka asikike yeye. Mwimbaji anafunikwa, watu wanaondoka mmoja mmoja. Akija mtu na banjo ndo balaa kabisa!

Kwa nini? Banjo ni kama ngoma yenye shingo: kamba zinapita juu ya ngozi iliyowambwa. Sauti yake ni kali na inakatika haraka. Asili yake ni Afrika Magharibi, na walioliunda kule Amerika ni Waafrika waliopelekwa utumwani.

Mwaka 2005 Mmarekani Béla Fleck alilirudisha Afrika. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga na wenyeji. Filamu ya safari hiyo ilitoka 2008, inaitwa Throw Down Your Heart, yaani "bwaga moyo". Ni Bagamoyo hiyo, ilikoishia njia ya misafara ya babu zetu Wanyamwezi kutoka Tabora. Hapa nchini alipiga na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba na zeze asiyeona. Wasikilize: Fleck ni bingwa wa dunia, lakini hamfuniki mwenzake. Anamjibu.

Sasa wewe fanya hivi:

1. Tyuni pamoja na wenzako kabla ya kuanza, na rudia kila baada ya nyimbo chache. Ngozi inalegea hewa ikiwa na unyevu.

2. Mtu akiimba, shuka. Piga kamba halafu zibane hapo hapo kwa mkono wa kushoto, itoke "cha!" fupi katikati ya mapigo ya ngoma. Hapo unafanya kazi ya rizimu.

3. Wimbo huujui? Tazama vidole vya mpiga gitaa vinahamia wapi, mfuate.

4. Subiri zamu ya solo. Ikifika toa vitu, ikiisha rudi chini.

Wazee wa Tabora Jazz walilijua hili: solo, rizimu na besi, kila gitaa lina kazi yake.

Mimi naona anayeitwa tena kwenye kundi sio mwenye mbio kuliko wote, ni yule anayewafanya wenzake wasikike vizuri. Na usipoitwa, utajifunzia wapi?

Kwenu je, nani anafunika wenzake? Tupia maoni hapo chini, ila tusitajane majina jamani!