Sigara ya Kwanza: Nafasi ya Familia na Marafiki

Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2012 ilibainisha kuwa takribani watu wazima 9 kati ya 10 wanaovuta sigara kila siku nchini humo walionja sigara ya kwanza kabla ya kuvuka umri wa miaka 18, yaani katika kipindi ambacho kijana bado yumo chini ya malezi ya wazazi huku akianza kuegemea zaidi kwa wenzake wa rika moja.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika nadharia yake ya kujifunza kijamii, alieleza kwamba binadamu hujifunza tabia kwa kuwatazama wale anaowathamini na kuona matokeo ya matendo yao. Mtoto anayetumwa dukani kumnunulia baba sigara huzoea kuishika, hujua bei yake, na huiona kuwa sehemu ya utu uzima muda mrefu kabla ya rafiki yeyote kumpa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Thorax ulionyesha kuwa uwezekano wa kijana kuanza kuvuta hukaribia mara tatu pale wazazi wote wawili wanapovuta, na huzidi mara mbili iwapo anayevuta ni ndugu yake.

Kwa upande wa marafiki, mwanasosholojia Denise Kandel alionyesha mwaka 1978 kwamba kufanana kwao hutokana na mambo mawili: uteuzi, yaani kijana kuwatafuta wanaolingana naye, na ushawishi, yaani kubadilika kwa sababu yao. Mara nyingi hakuna anayemlazimisha. Huvuta kwa kuogopa kutengwa, kisha nikotini, kemikali ya tumbaku inayozalisha uraibu, huunasa ubongo wake ambao bado unakua.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haiwezi kusimama sebuleni mwa kila nyumba. Hivyo, ni wajibu wa wazazi kutomtuma mtoto sigara, kutoruhusu uvutaji nyumbani na kumzoeza kukataa bila woga. Na mzazi anayevuta asidhani kwamba amechelewa, kwa kuwa tafiti zimeonyesha kuwa watoto wa wazazi walioacha huvuta kwa nadra zaidi kuliko watoto wa wale wanaoendelea.