Unaenda Thomson's Falls? Hivi Ndio Utapiga Picha Kali Bila Kuhatarisha Maisha

Last time mbogi yetu ilienda Nyahururu, nilirudi Nairobi na mapicha karibu mia mbili kwa simu. Zenye zilibamba? Mbili tu. Kwa zingine maji yalikaa shuka nyeupe imeanikwa kwa ukuta. Na kuna moja bado hunipea baridi nikiiangalia. Nitakushow.

Kwanza, jua chenye unapiga. Hapo mto Ewaso Narok unaanguka mita 74, karibu urefu wa jengo la gorofa 24. Jina ni la Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita hapo mwaka wa 1883. Shida ni kwamba ukisimama hapo unaskia ngurumo na mvuke unakupiga kwa uso, lakini simu haishiki hiyo feeling. Lazima uisaidie.

Mbona maji hutoka meupe pe?

Simu hupima mwangaza wa picha yote. Mawe na miti ziko na giza, so inajaribu kuziangaza, na maji yanaungua. Dawa ni rahisi: gusa maji kwa skrini, halafu vuta ile alama ya jua chini kiasi. Maji yataanza kuonyesha mistari yake.

Na yale maji laini kama maziwa?

Hapo unaacha kamera wazi kwa muda mrefu, kama robo sekunde hivi, maji yakipita. Kwa iPhone, piga Live Photo halafu uchague Long Exposure. Kwa Android zenye ziko na Pro, weka ISO chini kabisa. Jua likiwaka itaungua tu, so enda mapema ama ngoja mawingu. Miwani ya jua ya polarized mbele ya lenzi pia inasaidia. Egemeza simu kwa kitu imara na uweke taima, juu mkono ukitingika hata mawe yatakuwa uji.

Unataka upinde wa mvua?

Jua liwe nyuma yako na liwe chini, yaani asubuhi ama jioni. Na beba kitambaa kikavu. Mvuke ukikaa kwa lenzi, kila kitu inakaa imepigwa kwa ukungu. Panguza kabla ya kila picha.

Ukubwa unaonekana aje?

Weka mtu kwa picha. Bila mtu, mita 74 na mita saba zinakaa sawa. Lakini hapa ndio wasee wengi hukosea, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Beshte yangu alikuwa anapozi, mimi nikishika simu. Nilitaka maji yote yaingie, so nikamshow, "Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena." Macho yangu yalikuwa kwa skrini, yeye alikuwa ananiangalia mimi. Hakuna mtu alikuwa anaangalia chini. Jiwe lilikuwa limelowa, mguu ukateleza, na msee mwingine akamdaka na jaketi. Kidole changu kilikuwa kimebonyeza. Hiyo picha iko: mikono juu, mdomo wazi.

Maze, hakukuwa na haja. Kama maji hayaingii kwa fremu, mwenye anapiga ndio anafaa kurudi nyuma, upande wa nchi kavu, na aangalie nyuma yake kwanza. Mtu akisimama mbali na maji, ndani ya uzio, nawe uende nyuma yake zaidi, atakaa kadogo na maji yatajaa nyuma yake. Hiyo ndio picha kali, na hakuna mtu amekaribia ukingo.

Ya mwisho: ukiona watu wamevaa nguo za kitamaduni na unataka picha nao, uliza bei kabla ya kubonyeza. Hiyo ni kazi yao, na utaepuka kelele.

Nyahururu haiendi mahali. Hakikisha mbogi yote imerudi home.