Kinachopungua Katika Upungufu wa Kinga

Wengi wetu tumelifahamu neno kinga kupitia jina la ugonjwa: UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Tumelitaja jina hilo mara nyingi kiasi kwamba hatujiulizi tena kinachopungua ni kitu gani. Wapendwa wasomaji, tungependa kulijibu swali hilo hapa, kwa sababu lipo jingine linaloulizwa parokiani na katika jumuiya ndogondogo, ambalo bila hili halijibiki: mtu akipimwa na kuambiwa kwamba virusi havionekani katika damu yake, kwa nini bado anatakiwa kumeza dawa kila siku? Je, hajapona?

Tuanze na kinga yenyewe. Si kiungo kimoja kama moyo au ini. Ngozi ni sehemu yake, na vivyo hivyo machozi, makamasi na tindikali ya tumboni. Adui akivipita hivyo, hukutana na chembechembe nyeupe za damu, ambazo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Zinazotangulia kufika hazibagui sana; hummeza yeyote aliye mgeni. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Ilya Metchnikoff alichoma miiba midogo katika vichanga vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wao unapenya mwanga. Asubuhi yake alizikuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Sisi huliona jambo hilohilo kidole kikichomwa na mwiba shambani: kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata joto, kisha kinatunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni chembechembe nyeupe zilizokufa kazini.

Jeshi la pili huchelewa, lakini ndilo lenye maarifa. Ni seli ziitwazo limfosaiti, za aina mbili kuu, B na T. Kila moja ina kipokezi kinacholingana na umbo fulani tu, kama kufuli na ufunguo wake. La kushangaza ni kwamba mwili hutengeneza makufuli hayo ya kila namna kabla hata ya kukutana na ugonjwa wenyewe. Seli B hutoa kingamwili, ambazo humnata adui na kumzuia. Baadhi ya seli T huua seli zetu zilizokwisha kuvamiwa. Nyingine, zenye alama iitwayo CD4, ni wasaidizi: haziui wala hazitoi kingamwili, bali huzipa nyingine idhini na nguvu ya kufanya kazi. Hizi tuzikumbuke.

Lakini kama makufuli ni ya kila namna, mengine si yatalingana na mwili wenyewe? Ndivyo ilivyo. Kwa hiyo seli T changa hupelekwa katika tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, na huko hujaribiwa. Inayoonekana kuushambulia mwili kwa nguvu huuawa. Isiyoweza kutambua chochote hufa pia. Nyingi zinazoingia hazitoki. (Tuliposoma hayo tulikubaliana kwamba malezi ya seminari ni mepesi.) Hata hivyo chache hupenya, na ndiyo maana kuna magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kinga huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini.

Lugha yetu ina jambo zuri hapa. Tunakinga mvua kwa mwavuli, na tunakinga maji ya mvua kwa ndoo: kitenzi kimoja, kuzuia na kupokea. Kinga ya mwili hufanya yote mawili. Zipo seli zinazommeza adui, kisha hukibeba kipande chake hadi kwenye tezi za limfu na kukionyesha kwa limfosaiti. Mitoki inayovimba kinenani mguu ukiwa na kidonda ni dalili ya shughuli hiyo.

Mara ya kwanza, maandalizi hayo huchukua siku kadhaa, hata wiki moja au mbili. Ugonjwa ukiisha, seli nyingi hufa, ila baadhi hubaki kuwa kumbukumbu. Adui yuleyule akirudi, jibu huja upesi. Aliyeugua surua kwa kawaida haiugui tena. Chanjo huipa kinga kumbukumbu hiyo bila kuupitia ugonjwa. Edward Jenner alilijaribu hilo mwaka 1796 dhidi ya ndui, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imetokomezwa.

Sasa turudi kwa VVU. Kirusi hiki huingia kupitia ile alama ya CD4, yaani huwashika wasaidizi. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, wauaji na watoa kingamwili wapo, lakini hawapati msaada. Ndipo kifua kikuu na fangasi hupata nafasi. Hicho ndicho kinachopungua.

Tena VVU huandika maelekezo yake ndani ya kiini cha seli. Nyingine kati ya hizo ni seli za kumbukumbu, zinazolala kwa miaka mingi. Dawa za ARV huzuia kirusi kuzaliana, hivyo hutoweka katika vipimo, CD4 hupanda, na mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana maadamu anaendelea na dawa. Ila haziwezi kukifuta kilichoandikwa katika seli iliyolala. Dawa zikiachwa, baadhi ya seli hizo huamka, na kwa kawaida ndani ya wiki chache virusi huonekana tena. Anayezimeza leo na kuziacha kesho huweza pia kupata virusi sugu kwa dawa hizo.

Basi akija mtu na majibu yanayosema virusi havionekani, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha tumwulize tarehe yake ya kurudi kliniki ni lini.