Nyasi za gofu kabla ya mvua: chunga mguu, mapafu na watoto

Mwezi wa 9 ukifika, tazama miti ya pori pembeni ya njia ya Likasi. Mvua haijanyesha hata tone moja, lakini miti inatoa majani mapya, mekundu kama shaba. Hapo mwaka unageuka kwetu Katanga. Wenzetu wa Ulaya wanangoja mwezi wa 3 au wa 4, theluji inapoyeyuka na udongo kupata joto. Kwetu hakuna theluji. Lakini nyasi nazo zililala: baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7, halafu ukavu wa kiangazi, zikawa rangi ya mkeka. Ukiona manjano usifikiri zimekufa. Mizizi iko hai chini, inangoja maji.

Kwa hiyo mwezi wa 9 na wa 10 ndiyo miezi ya kutengeneza kiwanja cha gofu, ili mvua ya mwezi wa 11 ikute kazi imekwisha. Lubumbashi tunajua gofu, hata mtaa mzima unaitwa Golf. Najua wengi wenu mtasema: gofu ni mchezo wa wakubwa, mimi inanihusu nini? Inakuhusu. Yule anayepiga mpira mdogo anakuja mchana, anakwenda zake. Anayetengeneza nyasi yuko pale tangu saa 12 ya asubuhi, naye ni baba yako, ni mdogo wako, au ni wewe mwenyewe uliyestaafu chini ya mgodi ukapewa kazi ya juu. Na kiwanja cha mpira wa miguu cha kampi, na bustani ya mbele ya shule, vinatengenezwa kwa namna ile ile.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza wanakwangua nyasi kavu kwa rato ya meno ya chuma, maana zile zilizokufa zinafanya kama godoro juu ya udongo: maji hayapiti, na magonjwa ya ukungu yanapata nyumba. Halafu wanatoboa udongo matundu mengi, kwa mashini au kwa uma wa bustani, ili mizizi ipate hewa. Juu ya matundu wanatupa mchanga mwembamba na kuusukuma kwa ufagio mpaka unaingia. Dawa hii ya mchanga ni ya zamani. Wanasema aliyeivumisha ni Tom Morris, mzee aliyechunga kiwanja cha St Andrews kule Scotland tangu miaka ya 1860. Baadaye inakuja mbolea, kidogo kidogo, na maji, na kukata. Pale karibu na shimo nyasi zinakatwa fupi sana, milimita 4 au 5 tu, lakini hazishushwi siku moja. Kila mara unakata sehemu moja ya tatu, si zaidi, la sivyo jua la mwezi wa 10 litaziunguza.

Sasa nirudi kwenye mchanga, maana hapo ndipo mimi asistanti wa lopitali ninapofungua macho.

Wewe mtu wa mgodi unaijua silikozi. Umewaona wazee wanaopanda ngazi tatu na kusimama kupumua. Ugonjwa ule unatoka kwenye vumbi la mawe yenye silika, na mchanga mweupe wa gofu karibu wote ni silika. Ukiuchekecha mkavu, kwenye upepo, unafanya juu ya ardhi kile ulichokikimbia chini ya ardhi. Vumbi linalodhuru si lile unaloliona kwenye nywele. Ni lile dogo lisiloonekana, linaloshuka mpaka mwisho wa mapafu na kukaa. Silikozi haina dawa ya kuiponyesha, na inamfungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa ulichofunga mdomoni hakizuii kitu. Kinakupa moyo tu, na moyo huo ni wa uongo. Fanya hivi: nyunyizia mchanga maji kabla ya kuuchekecha, simama upande upepo unakotoka, na kama kuna maski ya vumbi ya kweli, vaa. Mchanga wenye maji unaingia kwenye matundu polepole zaidi, ni kweli. Kapita atalalamika. Mwache alalamike.

Na mchanga wenyewe utoke mtoni au kwenye shimo la mchanga, usitoke kwenye mabaki ya konsantrateri. Niliona kiwanja kimoja kidogo, sitasema cha wapi, ambapo mtu alipata akili ya kuchukua ule mchanga laini wa kijivu kwa sababu ulikuwa karibu na haukuwa na bei. Baada ya mvua mbili nyasi zilikwisha kabisa, ukabaki upara. Watu walisema ni uchawi. Si uchawi. Shaba nyingi kwenye udongo inaua mizizi ya nyasi. Ndiyo maana juu ya vilima vya shaba, tangu zamani, miti haioti vizuri, yanaota maua madogo machache yanayovumilia chuma, na watafuta madini waliyafuata maua yale. Lakini mimi sikuhuzunikia nyasi. Watoto walikuwa wanacheza kwenye upara ule, wanakaa chini, wanatia vidole mdomoni. Katika mabaki kama yale kunaweza kuwa na kobalti, na pengine risasi, ile inayoharibu akili ya mtoto pasipo homa wala kikohozi cha kumwonyesha mama.

Juu ya mashini ya kukata nyasi nitasema machache, kwa sababu kila mtu anajua inakata, na kila mwaka inakata mtu. Ncha ya kisu chake inakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe dogo likiguswa na kisu kile linatoka kama risasi ya bunduki, na jicho halina mlango wa chuma. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, tembea kiwanja chote kwa miguu na kuokota mawe, waya na vizibo vya chupa. Watoto wawe mbali, mbali sana, si pembeni wakitazama. Vaa boti, si sandali. Nyasi zikijaa chini ya mashini, zima, kisha chomoa waya wa buji, ndipo utie mkono. Maana kuzima tu hakutoshi, ukizungusha kisu kwa mkono mota inaweza kushika. Esanse itiwe mota ikiwa imepoa, bila sigara.

Kama balaa limefika na kidole kimekatika, usikimbie ukakiacha. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, mkono uwe juu. Kidole kifunge katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, halafu mfuko huo utie katika maji yenye barafu. Usikiweke kidole juu ya barafu yenyewe, nyama itaungua kwa baridi. Njoo navyo vyote viwili, mtu na kidole.

Sasa mama wa nyumbani, sogea karibu, jambo hili ni lako.

Nyasi zikiamka, wadudu na magugu vinaamka nazo, na watu wa viwanja wanapiga dawa. Tunaita dawa, lakini ni sumu. Katika nchi za baridi walitumia hata sumu zenye zebaki kuua ukungu wa theluji kwenye viwanja vya gofu. Marekani ilimaliza kuziruhusu miaka ya 1990. Nyingine ziko bado madukani na sokoni, na sokoni zinapimwa kwa kikombe.

Nilipokuwa kijana katika dispanseri moja, mama alileta mtoto wa kiume, labda miaka minne. Baba yake alitumika kwenye nyasi. Alileta nyumbani dawa ya wadudu kidogo, kwa ajili ya mboga zake, ndani ya chupa ya limonadi. Mtoto aliiona chupa anayoijua. Alipofika kwetu mate yalikuwa yanatoka kama povu, jasho, kutapika, nyama za mashavu zinarukaruka, na mboni ya jicho imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mama alikuwa amekwisha kumnywesha mafuta ya ngazi, vijiko vitatu, kama alivyofundishwa na mama mkwe. Tulimwuliza baba: dawa inaitwaje? Hakujua. Jina lilibaki kwenye bidoni kubwa, kule kazini.

Munganga hakungoja jina. Alisoma ile mboni ndogo na yale mate, akamchoma atropini, akarudia, akarudia tena. Mtoto alipona, lakini alikaa lopitalini siku nyingi, kwa sababu mafuta aliyotapika yaliingia mapafuni yakafanya ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza. Na mimi, niliyejiona mjuzi na diploma yangu mpya, nilimvua nguo zake zilizolowa bila kuvaa ganti. Usiku ule kichwa kiliniuma na tumbo likanikata. Sumu ile inapita kwenye ngozi.

Kwa hiyo mama, usimpe mafuta, usimpe maziwa, usimtapishe kwa kidole. Mvue nguo, umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, mikono yako ukiikinga hata kwa mifuko ya plastiki, umlaze ubavu, ukimbie, na umtume mtu alete kopo lenye jina. Salopeti ya bwana aliyepiga dawa isifuliwe pamoja na nepi za mtoto. Na bidoni tupu ya dawa, hata ikiwa nzuri namna gani, hata ukiiosha mara kumi, haichoti maji ya kunywa. Itobolewe palepale kazini. Wewe baba, ukiwa na aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu, leta ndizi.

Mvua ikija kweli, inakuja na radi. Katanga hatuchezi na radi. Kiwanja cha gofu ni mahali wazi, na mtu anayesimama katikati na fimbo ya chuma ndiye mrefu kuliko wote. Nimesikia yale yanayosemwa juu ya mtu anayemtumia mwenzake radi. Mimi nasema tu kwamba radi inachagua kitu kirefu, awe adui wa mtu au asiwe. Ukisikia ngurumo, acha vyombo, toka, ingia nyumbani au ndani ya motokari. Usijifiche chini ya mti. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Hata kama tajiri anataka kumaliza mashimo yake, kijana anayembebea mfuko ana haki ya kukimbia.

Jambo la mwisho ni ule uma wa bustani. Kila mwaka, mwezi wa 10, napokea mguu uliotobolewa nao. Kidonda ni kidogo, damu chache, mtu anaona haya kuja. Lakini wadudu wa pepopunda wanakaa udongoni na kwenye samadi, na wanapenda tundu jembamba lenye kina kuliko kidonda kikubwa kilicho wazi. Osha kwa maji na sabuni, uje siku ile ile. Nitakuuliza ulichomwa sindano ya pepopunda mwaka gani. Kama imepita miaka mitano, au hukumbuki, utachomwa nyingine. Na kama mguu wako bado mzima, njoo hata kesho kabla ya kushika uma, na ulete kadi yako.