Baloji, msanii mwenye jina la walozi

Vijana wetu wa Masisi na Walikale wanapenda rap, nasi wachungaji mara nyingi tunaikemea bila kuisikiliza. Leo tumtazame msanii mmoja.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mdogo. Huko aliimba rap katika kundi la Starflam, kisha peke yake. Mwaka 2019 aliigiza katika filamu Binti kama baba Mkongomani anayeishi Ubelgiji bila karatasi. Mwaka 2023 Augure, filamu aliyoiongoza mwenyewe, ilipata tuzo Cannes, Ufaransa.

Jina Baloji maana yake ni walozi, na Augure inahusu watu wanaopachikwa jina hilo. Koffi anarudi Kongo kutoka Ubelgiji. Anampakata mtoto wa dada yake, damu inamtoka puani na kumdondokea mtoto. Mara jamaa wanaona laana.

Tusiseme ni sinema tu. Hata kwetu mtoto akiugua, jina la mtu hutajwa, na mara nyingine hutajwa katika chumba cha maombi. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Nasi tuna Yohana 9: wanafunzi walitafuta mwenye kosa, Yesu akakataa kumtaja yeyote, akamponya kipofu.

Basi mgonjwa akiletwa kwetu, tumwombee, tumsindikize kwenye kituo cha afya, na tusitaje jina la mtu.