Je, wajua? APT hupiga hesabu kabla ya kugusa kitu

Mtu wa Mbale, Uganda, hahitaji kufundishwa maana ya utegemezi. Malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi yanayoshuka kutoka Mlima Elgon, hayaliwi hivihivi: hulowekwa, huchemshwa, kisha hutiwa karanga za kusaga. Karanga zikikosekana sokoni, leo hakuna malewa.

Programu za Linux nazo ni hivyo. Kila moja huja ndani ya kifurushi (si kile cha intaneti tunachonunua kwa simu), nacho hutaja masharti yake: nataka maktaba fulani, toleo la 2 au jipya zaidi, sikai nyumba moja na programu ile. Debian 13, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, ina vifurushi 69,830. Anayevipatanisha ni meneja wa vifurushi. Kwenye Debian na Ubuntu anaitwa APT, na yupo tangu 1998.

Tuseme kompyuta kuukuu ya kibanda cha kuchapisha karatasi pale Malukhu, Mbale, inasasishwa. Amri ya kwanza, apt update, haibadilishi programu hata moja, na hapo wengi hukosea. Huleta tu orodha mpya ya vifurushi vilivyomo ghalani mtandaoni, ikiwa na sahihi ya kidijitali ili asipenye wa kughushi. Kazi yenyewe huanza kwa apt upgrade. Meneja hulinganisha orodha hiyo na vilivyomo mashineni, kisha hutafuta mpangilio ambao kila kifurushi kinapata kinachokihitaji na hakuna viwili vinavyogombana. Imethibitishwa kwamba fumbo hili, likichukuliwa kwa ujumla, ni miongoni mwa mafumbo magumu ya sayansi ya kompyuta.

Asipopata jibu, hukataa. Huandika kwamba vifurushi fulani vimeachwa vilivyo, na watu hukasirika, wakaanza kulazimisha. Mimi namtetea. Apt upgrade haiondoi kifurushi kilichopo ili kingine kipite. Anayetaka hivyo aandike mwenyewe apt full-upgrade, na asome orodha ya vitakavyofutwa kabla ya kubonyeza Y.

Hesabu ikikubali, kazi ya mikono hufanywa na dpkg. Huyu hufungua vifurushi, huviandaa, na kila hatua huiandika kwenye faili la /var/lib/dpkg/status. Umeme ukikatika katikati, usikimbilie kuweka mfumo upya. Washa mashine, andika sudo dpkg --configure -a, naye mara nyingi ataendelea pale alipoachia.

Ila meneja hupima mahitaji, hapimi nia. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mlango wa siri ulikuwa umepachikwa ndani ya xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili. Kwenye baadhi ya mifumo, programu ya kuingilia kompyuta ukiwa mbali, sshd, iliitegemea systemd, nayo systemd iliitegemea maktaba hiyo. Kila kiungo cha mnyororo kilikuwa halali. Mhandisi Andres Freund aliushtukia mlango huo kwa sababu kuingia kulichelewa takriban nusu sekunde.

Ukitaka kumwona meneja akipiga hesabu bila kuhatarisha chochote, andika apt -s full-upgrade. Atakutajia kila atakachoweka na kila atakachoondoa, kisha atanyamaza bila kugusa faili hata moja.